Kesi ya Nyani, Bajeti ya Ngedere

Tarehe 16 Septemba 1992, polisi wapatao 10,000 wa jiji la New York waliitumia siku yao ya mapumziko kwenda kuandamana. Walielekea City Hall, jengo ambamo meya ana ofisi yake na Baraza la Jiji hufanya vikao. Mwanzoni yalikuwa maandamano kama mengine, mabango na makelele. Baadaye maelfu wakaruka vizuizi, wakajaa kwenye ngazi za jengo, wakapanda juu ya magari yaliyoegeshwa na kuyakanyaga. Wengine wakaenda daraja la Brooklyn wakalifunga karibu saa nzima. Wenzao kama 300 waliokuwa zamu, waliovaa sare na kulipwa siku hiyo ili kulinda usalama, hawakufanya la maana.

Una Clarke, diwani mweusi mzaliwa wa Jamaika, alijaribu kuvuka barabara kwenda kazini. Polisi mmoja akamzuia, kisha akamgeukia mwenzake na kumwambia, kwa lile tusi ambalo kila Mmarekani mweusi analijua, kwamba huyu ati anasema yeye ni diwani. Rudolph Giuliani, mwanasheria aliyekuwa akijipanga kugombea umeya, akashika kipaza sauti na kuwahutubia polisi hao. Walimshangilia kweli kweli.

Kilichowachoma roho hivyo kilikuwa mswada. David Dinkins, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa New York, alikuwa ameliomba Baraza la Jiji liunde bodi ya raia watupu ya kupokea na kuchunguza malalamiko dhidi ya polisi. Bodi yenyewe isingeweza kumfuta kazi polisi hata mmoja. Ingechunguza, ingeandika, ingependekeza. Basi.

Miezi mitatu baadaye mswada ulipita, na masimulizi mengi ya kisa hiki huishia hapo: watu walidai, wakapata, tarehe ikaandikwa. Lakini kama unataka kujua serikali ya jiji inavyofanya kazi, kisa chenyewe kinaanza baada ya sheria kutiwa sahihi, pale watu wanapoacha kubishana kama bodi iwepo na kuanza kubishana nani ataigharamia, kiasi gani, na kwa masharti ya nani. New York imebishania jambo hilo kwa miaka mingi, na kila mwaka inarudi pale pale.

Ripoti iliyokaliwa

Wazo la raia kuwachunguza polisi lilikuwepo muda mrefu kabla ya Dinkins. Machi 1935, kijana wa miaka 16 alikamatwa katika duka moja la Harlem akishukiwa kuiba kisu kidogo cha mfukoni. Uvumi ukaenea kwamba amepigwa mpaka akafa. Hakuwa amekufa, hata hakuwa ameshtakiwa. Lakini watu wa Harlem waliuamini uvumi huo papo hapo, na hilo peke yake linakuambia walivyowajua polisi wao. Usiku huo maduka mengi yalivunjwa na watu watatu wakapoteza maisha.

Meya wa wakati huo, Fiorello La Guardia, akaunda tume. Miongoni mwa wanachama wake walikuwa mshairi Countee Cullen na kiongozi wa wafanyakazi A. Philip Randolph, na utafiti ukaongozwa na mwanasosholojia E. Franklin Frazier. Tume iliwasikiliza wakazi kuhusu kodi za nyumba, kazi, shule, hospitali na polisi. Kati ya mapendekezo yake lilikuwemo moja jipya kabisa: kuwe na kamati ya raia, weusi kwa weupe, ambayo mtu akidhulumiwa na polisi anaweza kuiendea.

La Guardia akaipokea ripoti na kuikalia. Wakazi waliisoma mwaka 1936 kwa sababu gazeti la watu weusi, Amsterdam News, liliipata na kuichapisha lenyewe. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa zaidi kuhusu ripoti za tume na makabati zinamolala.

Mwaka 1950 mashirika 18 yaliungana kudai jiji lishughulikie jinsi polisi walivyowatendea watu weusi na Wapuerto Rico. Mwaka 1953 polisi wakajibu kwa kuunda bodi. Jina lilikuwa tamu: Bodi ya Kuchunguza Malalamiko ya Raia, ambayo mpaka leo inajulikana kwa herufi zake, CCRB. Ukiangalia wanachama ndipo unagundua mchezo. Walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa manaibu wa kamishna wa polisi. Neno "raia" kwenye jina lilimhusu anayelalamika. Waliochunguza walikuwa polisi, walioamua walikuwa polisi, na faili zilihifadhiwa na polisi. Kesi ya nyani, hakimu ngedere, na karani pia ngedere.

Bango la mwaka 1966

Julai 1964, luteni wa polisi ambaye hakuwa zamu alimpiga risasi James Powell, mwanafunzi mweusi wa miaka 15, na kumuua. Ghasia zilidumu siku sita, kuanzia Harlem hadi mtaa wa Bedford-Stuyvesant huko Brooklyn. Katika Baraza la Jiji, diwani Theodore Weiss alikuwa na mswada wa kuunda bodi ya raia nje ya idara ya polisi. Baraza lilipoketi kuusikiliza, maelfu ya polisi walikuja kuupinga wakiwa nje ya jengo. Madiwani wakasikia vizuri. Mswada haukupita.

John Lindsay aliyechaguliwa kuwa meya mwaka 1965 alikuwa ameahidi bodi hiyo kwenye kampeni. Alipoona Baraza ni njia ndefu, akapita njia ya mkato. Mwaka 1966, kwa amri ya kiutawala, bila kura ya madiwani, aliongeza raia wanne kwenye bodi ya polisi watatu. Raia wakawa wengi, wanne kwa watatu. Bado bodi ilikuwa ndani ya idara ya polisi na bado haikuwa na mamlaka ya kuadhibu, lakini kwa chama cha polisi, PBA, hao raia wanne walikuwa wanne wa ziada.

Kiongozi wa PBA, John Cassese, alisema hadharani kwamba amechoka kuwakubalia watu wa makundi ya wachache na malalamiko yao. Chama kikakusanya sahihi na kulipeleka suala hilo kwenye kura ya maoni. Kisha kikatoa tangazo ambalo bado linafundishwa kwa wanaosoma siasa za Marekani. Lilimwonyesha msichana mzungu akitoka peke yake usiku kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, mbele yake barabara yenye giza. Maneno ya chini yalidai kwamba bodi hiyo lazima ikomeshwe, kwa kuwa maisha yake, na yako, huenda yakategemea hilo. Tangazo halikumtaja mtu mweusi hata kidogo. Halikuhitaji. Kila aliyelitazama alijua aogope nani.

Maseneta wawili wa jimbo, Robert Kennedy na Jacob Javits, mmoja Mdemokrati na mwingine Mrepublikan, walisimama upande wa bodi. Haikusaidia. Tarehe 8 Novemba 1966, asilimia 63 ya wapiga kura waliikataa. Bodi ya Lindsay ilikuwa imeishi miezi minne.

Kila upande uliondoka na somo. Waliotaka bodi waliona kwamba kitu kinachoundwa kwa amri ya mtu mmoja hakina mizizi, na kwamba safari nyingine ni lazima wapitie kwa madiwani na kuiandika bodi ndani ya mkataba wa jiji, yaani sheria mama ya New York. Wapinzani waliona kwamba hofu ikipewa picha nzuri inashinda hoja. Baadaye wangegundua njia nyingine isiyohitaji picha wala kura.

Viti kumi na vitatu

Ilichukua miaka 20 Baraza kuligusa tena suala hilo. Sheria ya mwaka 1986 iliunda bodi ya mseto iliyoanza kazi mwaka 1987: watu 12, nusu raia walioteuliwa na meya kwa idhini ya Baraza, nusu watu wa idara walioteuliwa na kamishna wa polisi. Sita kwa sita. Waliokwenda mitaani kukusanya ushahidi walikuwa bado, kwa sehemu kubwa, polisi.

Agosti 1988 bodi hiyo ilijaribiwa. Polisi walikwenda kuwaondoa watu katika bustani ya Tompkins Square, wakaishia kupiga waandamanaji, wapita njia na waliokuwa wakila zao kwenye mikahawa ya karibu. Zaidi ya malalamiko 100 yalifikishwa kwa bodi. Kulikuwa na kitu kipya pia, kamera za video mikononi mwa wakazi. Jiji zima liliona. Hata hivyo walioadhibiwa walikuwa wachache sana.

Basi Dinkins alipoleta mswada wake mwaka 1992, hoja ya kwamba polisi wanaweza kujichunguza wenyewe ilikuwa imechakaa. Tuwe wakweli lakini, upande wa pili nao ulikuwa na la kusema. Mwaka 1990 zaidi ya watu 2,200 waliuawa New York, idadi kubwa kuliko mwaka wowote kabla yake. Watu waliogopa kutoka usiku, na hofu hiyo ilikuwa Harlem na Bronx kuliko kwa matajiri wa Manhattan. Polisi walisema raia asiyewahi kuingia kwenye ngazi ya giza akifuata mtu mwenye bunduki hawezi kumhukumu aliyewahi. Diwani aliyetoka wadi yenye maziko kila wiki alilazimika kuisikiliza hoja hiyo, hata kama watu wale wale waliokuwa wakizika ndio pia waliokuwa wakipigwa na polisi.

Halafu yakatokea yale ya Septemba. Madiwani waliotishwa kwenye ngazi za ofisi yao wenyewe waliona kwa macho yao jambo ambalo wapiga kura wao walikuwa wakiwaeleza miaka yote. Kama maandamano yale yalikusudiwa kuua mswada, yaliufufua. Desemba Baraza likapiga kura na kuupitisha, na Julai 1993 bodi mpya ikafungua ofisi.

Idadi ya viti inaonyesha wazito walivyogawana. Wanachama walikuwa 13: watano wa meya, watano waliopendekezwa na Baraza, mmoja kutoka kila sehemu kuu ya jiji, na watatu waliopendekezwa na kamishna wa polisi. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa polisi wa kazini. Bodi iliondolewa kabisa kwenye idara ya polisi, ikapewa wachunguzi wake wenyewe na mamlaka ya kutoa hati za kuwalazimisha watu kuleta ushahidi. Kwa mara ya kwanza New York ikawa na bodi ya raia ambayo raia waliiongoza kweli.

Mambo mawili hata hivyo hayakuguswa. La kwanza, kamishna wa polisi ndiye aliyebaki na neno la mwisho kuhusu adhabu. La pili halikupewa uzito na wengi wakati ule. Fedha za bodi zingetoka kwenye bajeti ya jiji ya kila mwaka, ambayo meya huiandaa na Baraza huijadili. Sheria ilisema bodi iwepo. Haikusema iwe na wafanyakazi wangapi.

Ngoja ngoja huumiza matumbo

Novemba 1993 Giuliani alimshinda Dinkins kwa kura chache. Januari 1994 aliingia ofisini kama bosi wa jiji lenye bodi aliyokuwa ameipinga akiwa na kipaza sauti mkononi. Kuifuta hangeweza, maana ilikuwa kwenye mkataba wa jiji. Lakini kalamu ya kuandaa bajeti ilikuwa mkononi mwake, na bodi ikajikuta kwenye makato mapema kabisa.

Huku fedha zikibana, malalamiko yakaongezeka, kutoka zaidi ya 3,500 mwaka 1993 hadi zaidi ya 5,500 mwaka 1995. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu madhara ya makato kama hayo hayaonekani kwa macho kama jengo lililobomolewa. Ofisi iko, bango liko mlangoni, simu inapokelewa. Kinachotokea kiko ndani ya faili.

Chukua lalamiko moja la kawaida. Mtu anasema alipigwa na polisi Jumamosi usiku. Mchunguzi anatakiwa kumhoji, kumtafuta shahidi aliyekuwa dukani, kupata rekodi za hospitali, kujua ni polisi gani walikuwa zamu eneo hilo, kuwaita na kuwahoji wakiwa na mawakili wao wa chama. Ni kazi ya miezi. Sasa mpe mchunguzi huyo mafaili mengi kuliko anavyoweza kuyabeba, na mshahara ambao unamfanya aondoke kwenda kusomea sheria baada ya mwaka mmoja au miwili. Faili linapewa mgeni. Mgeni anaanza kulisoma upya. Shahidi amehama.

Wakati huo saa inahesabu. Sheria ya jimbo la New York inaweka kikomo cha miezi 18. Shtaka la nidhamu lisipofunguliwa ndani ya muda huo tangu kosa lilipotendeka, kwa kawaida limekufa, isipokuwa kama tendo lenyewe ni kosa la jinai. Kwa hiyo hakuna haja ya kumhonga mtu wala kuficha faili. Unahitaji tu kupunguza watu kazini, halafu ukae usubiri kalenda. Mwishoni mwa mwaka unasema, ona, bodi hii haithibitishi malalamiko mengi, kwa nini tuipe pesa zaidi? Mkono mtupu haulambwi, na wenye mfuko walilijua hilo.

Fedha zilikuja, lakini angalia zilikuja lini. Agosti 1997, Abner Louima, mhamiaji kutoka Haiti, alikamatwa nje ya klabu moja Brooklyn, kisha akateswa ndani ya choo cha kituo cha polisi kwa namna iliyomlaza hospitali kwa wiki kadhaa. Dunia nzima ilisikia. Ghafla jiji likaona kwamba bodi inahitaji wachunguzi zaidi. Februari 1999, polisi wanne walifyatua risasi 41 wakimlenga Amadou Diallo, kijana wa Guinea wa miaka 23 aliyesimama mlangoni pa nyumba yake bila silaha, na suala la kuwasimamia polisi likarudi mezani tena. Mgao wa bodi ulitegemea nani ameuawa na kama magazeti yameandika.

Mwaka 2001 jiji pamoja na PBA vilikubali kumlipa Louima zaidi ya dola milioni 8. Fedha za kulipia madhara zilipatikana. Za kuyazuia ndizo zilizokuwa zikibishaniwa kila mwaka.

Sehemu ndogo ya asilimia moja

Mwaka 2019 tume ya kurekebisha mkataba wa jiji iliwaletea wapiga kura jambo ambalo madiwani wa 1992 hawakuliandika. Badala ya kuacha bodi iombe upya kila mwaka, idadi ya wafanyakazi wake ifungwe kwenye idadi ya polisi wenyewe: angalau asilimia 0.65. Wakiwa polisi 36,000, bodi iwe na fedha za kuajiri watu 234. Polisi wakiongezeka, wanaowachunguza waongezeke. Pia viti vya bodi viongezwe kutoka 13 hadi 15, na kamishna akikataa pendekezo la adhabu aeleze kwa maandishi.

Novemba mwaka huo karibu robo tatu ya waliopiga kura walisema ndiyo. Kumbuka ni jiji lile lile lililosema hapana kwa asilimia 63 mwaka 1966. Ilichukua miaka 53.

Ukilifanyia hesabu utaona ombi lenyewe lilikuwa dogo kiasi gani. Bajeti ya polisi wa New York imepita dola bilioni 5 kwa mwaka. Ya bodi ni dola milioni 20 na kitu. Polisi wakipewa dola 1,000, bodi inapata kama dola 4.

Tena sentensi iliyoweka kiwango hicho ilikuja na mlango wa nyuma. Bodi ipewe fedha hizo, isipokuwa meya akiandika kwamba hali ya fedha inalazimisha kupunguza. Ufunguo wa akiba ukaachwa kwa yule yule ambaye kufuli lilikusudiwa kumzuia.

Januari 2024 bodi ilitangaza kwamba kwa kukosa fedha inaacha kuchunguza aina kadhaa za malalamiko. Mojawapo ni polisi kukataa kumwambia raia jina lake au namba ya beji. Huenda ukaona hilo ni jambo dogo ukilinganisha na risasi. Lakini anayejua hawezi kuulizwa jina ana uhuru mkubwa sana wa kufanya mengine.

Miezi michache baadaye kesi ya Kawaski Trawick ikafika mwisho. Trawick alikuwa na miaka 32. Aprili 2019 alijifungia nje ya chumba chake huko Bronx, akapiga simu ya dharura, wazima moto wakamfungulia. Polisi wawili walipofika baadaye walimkuta jikoni kwake, kisu mkononi. Dakika mbili hazikuisha kabla ya mmoja wao kumpiga risasi na kumuua. Bodi iliomba video, na idara ya polisi ikaizuia kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mashtaka ya nidhamu yalifunguliwa mwaka 2021. Jaji wa ndani ya idara akaamua kwamba yamechelewa, miezi 18 imepita. Mwaka 2024 kamishna akakubaliana naye, na polisi hao wawili hawakuadhibiwa.

Mwenyekiti wa bodi, Arva Rice, alikuwa amelieleza Baraza la Jiji jinsi idara ilivyochelewesha ushahidi huo, na kwamba bodi inahitaji fedha zaidi. Mwaka huo huo aliacha kiti hicho.

Ukisoma haya ukiwa Nairobi, bila shaka jina IPOA limeshakujia. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na ripoti ya Tume ya Waki, na fedha zake hupitia Bungeni kila mwaka. Historia zetu hazifanani. Hatukuwa na kura ya maoni kuhusu polisi, na chama cha polisi kama PBA hatuna. Ila maswali yanayofaa kuulizwa ni yale yale. Ina wachunguzi wangapi kwa kila polisi 1,000? Faili likifika leo, linafunguliwa lini? Akitaka video, silaha au rekodi ya zamu, mchunguzi anasubiri kwa hisani ya nani? Majibu yake huwezi kuyapata kwenye hotuba ya waziri baada ya maandamano. Yako kwenye makadirio ya bajeti, kurasa zile ambazo wengi wetu tunaziruka kwa sababu zimejaa namba na zinachosha.

Mwaka wa fedha wa New York unaanza tarehe 1 Julai, kama wetu. Kabla ya hapo, kila majira ya machipuko, wakuu wa bodi huenda mbele ya kamati za Baraza na kueleza wana wachunguzi wangapi, wanahitaji wangapi, na malalamiko mangapi yamekwama. Madiwani huuliza. Kisha mwananchi yeyote aliyejiandikisha hupewa dakika chache za kusema lake. Wazazi wa waliouawa wamewahi kukaa kwenye kikao kama hicho kutwa nzima wakisubiri zamu yao. Hawaji kudai sheria mpya. Wanakuja kuuliza kuhusu mstari mmoja wa bajeti, kwa sababu wameshajua kwamba hapo ndipo kesi ya mtoto wa mwingine itakapoamuliwa, kabla hata hajakutana na polisi.